Shahada ya kriminolojia: chuo cha sosholojia, cha sheria, cha polisi au cha maabara?

Mwombaji akitandaza mezani vipeperushi vya vyuo vinne, vyote vikitangaza shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ni rahisi adhani kinachotofautiana ni ada na majengo. Akifungua mitaala ndiyo atashtuka. Chuo kimoja kinafundisha nadharia za jamii kwa miaka mitatu. Cha pili kinapekua vifungu vya sheria ya jinai. Cha tatu kinaeleza jinsi ya kuongoza kituo cha polisi, na cha nne kimechomeka kemia kidogo na kujiita cha uchunguzi wa kisayansi. Cheti cha mwisho kitaandikwa neno lile lile, lakini wahitimu wanne hawa hawatagombea kazi moja.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba fani yenyewe imelelewa na nyumba nne. Cesare Beccaria, aliyeandika huko Milan mwaka 1764 kupinga mateso na adhabu ya kifo, alikuwa amesomea sheria. Cesare Lombroso, ambaye mwaka 1876 alidai kuna watu wanaozaliwa wahalifu na kwamba maumbile ya mwili huwaumbua, alikuwa daktari. Madai yake yalishabomolewa zamani, ila udaktari na saikolojia havikutoka tena katika fani. Huko Chicago, wanasosholojia wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walichora ramani za makazi ya vijana wakosaji, wakagundua kwamba mitaa fulani ilibaki na uhalifu mwingi hata wakazi wake walipohama na wengine kuingia. Naye August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, alishikilia kwamba askari anapaswa kupita chuo kikuu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni hili: shahada hii iko chini ya kitivo gani? Jibu lake litakueleza mengi kuliko ukurasa mzima wa picha za wanafunzi wanaotabasamu.

Mivutano ya nyumba hizi si hadithi tu. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha Skuli ya Kriminolojia mwaka 1950, ikiwa na mizizi katika mafunzo ya polisi aliyoyapigania Vollmer. Kufikia miaka ya 1970 baadhi ya wahadhiri wake walikuwa wanalikosoa jeshi la polisi lenyewe na serikali iliyolituma. Mwaka 1976 skuli ikafungwa. Mvutano huo bado upo katika idara nyingi, na mwombaji ana haki ya kujua anaingia upande upi.

Chini ya sosholojia, au chini ya sheria

Kriminolojia inayokaa na sosholojia ndiyo iliyozoeleka Uingereza, Marekani na Australia. Hapa utauliza kwa nini watu huvunja sheria, nani aliamua kitendo fulani kiwe kosa, na kwa nini kosa la maskini huishia gerezani huku la tajiri likiishia kwenye faini. Edwin Sutherland alipowahutubia wanasosholojia wenzake wa Marekani mwaka 1939 kuhusu uhalifu wa watu wa ofisini, wenye heshima na suti zao, alikuwa anawasuta kwamba walikuwa wamelifanya kosa kuwa jambo la watu wa mitaa duni peke yao. Mwanafunzi wa idara ya namna hii hujifunza kushuku maelezo mepesi. Hujifunza pia, ikiwa idara ni nzuri, kukusanya na kuchambua taarifa.

Udhaifu wake ni kwamba unaweza kuhitimu bila kuwahi kusoma sheria moja ya jinai kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikutana kazini na hati ya mashtaka, utakuwa unaibabaisha.

Katika bara la Ulaya, kriminolojia mara nyingi imekaa na sheria. Ubelgiji ina mifano mizuri: vyuo vikuu vya Leuven na Ghent vinafundisha shahada kamili ya kriminolojia ndani ya vitivo vya sheria. Ujerumani mambo ni tofauti kidogo, kwani kwa kawaida kriminolojia huko ni sehemu ya masomo ya sheria au ni shahada ya uzamili. Faida ya nyumba hii ni umakini wa maneno. Utajua nini hasa hufanya kitendo kiwe wizi na si ulaghai, ushahidi gani hukubaliwa mahakamani, mtuhumiwa ana haki zipi tangu anapokamatwa. Mtu anayelenga ofisi ya waendesha mashtaka, mashirika ya haki za binadamu au idara za kudhibiti utakatishaji fedha atajisikia nyumbani.

Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: kusoma kriminolojia katika kitivo cha sheria hakukufanyi wakili. Ukiwa na ndoto ya uwakili hata kidogo, uliza kwa maandishi kama masomo yako yatahesabiwa ukitaka kuhamia shahada ya sheria, na ni mangapi. Jibu la mdomo la afisa udahili msimu wa kusaka wanafunzi lisikutoshe.

Kama ningelazimika kuchagua kati ya nyumba hizi mbili kwa ajili ya kijana ambaye hajajua anataka nini, ningempeleka kwenye sosholojia, kwa sharti kwamba mtaala una angalau masomo mawili ya sheria ya jinai. Sheria unaweza kuiongeza baadaye kwa kusoma mwenyewe au kwa stashahada. Mazoea ya kuhoji takwimu na nadharia ni magumu kuyapata ukishaanza kazi.

Haki jinai na vyuo vyenye harufu ya polisi

Kuna shahada inayoitwa haki jinai, na kuna kriminolojia ambayo ukiichungulia ndani ni haki jinai iliyobadilishwa jina. Kriminolojia huuliza kosa linatoka wapi. Haki jinai huuliza polisi, mahakama na magereza vinafanyaje kazi. Chuo Kikuu cha Michigan State kilianza kutoa shahada ya utawala wa polisi mwaka 1935. Chuo cha John Jay mjini New York kilianzishwa mwaka 1964 ili kuwapa askari elimu ya juu, kisha kikapanuka hadi kuwa chuo kikubwa cha masomo mengi kinachopokea watu wa kila aina.

Uzuri wa vyuo vya namna hii ni milango. Wahadhiri wake wengi wamewahi kuvaa sare, wanafahamiana na wakuu wa vituo, na mafunzo kwa vitendo hupatikana bila kuhangaika. Mwanafunzi anamaliza akijua taratibu za upokezi wa mahabusu, uandishi wa ripoti na mnyororo wa utunzaji wa vielelezo.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Kwanza, ujuzi wenyewe haubebeki sana. Taratibu za polisi za nchi moja hazikusaidii sana nchi nyingine, wakati mbinu za utafiti husafiri popote. Pili, uzoefu wa kazi bila utafiti huzaa uhakika wa uongo. Mfano ni jaribio la doria lililofanyika Kansas City mwaka 1972 na 1973. Maeneo mengine yaliondolewa doria ya kawaida ya magari, mengine yakaongezewa mara mbili au tatu, mengine yakaachwa kama yalivyokuwa. Mwisho wake, kiwango cha uhalifu na hofu ya wananchi havikutofautiana kwa namna ya maana. Askari mzoefu yeyote wa wakati ule angekuapia kwamba haiwezekani. Chuo ambacho wahadhiri wake wote ni wastaafu wa jeshi la polisi kitakupa simulizi tamu sana, na baadhi zitakuwa si kweli.

Nikiona idara yenye mchanganyiko, mtafiti huyu na mstaafu yule wakifundisha somo moja pamoja, naiongezea alama papo hapo. Ni nadra, lakini zipo.

Wanaotaka maabara wasome hapa kwanza

Hili ndilo kundi linalopotezwa zaidi. Kijana amevutiwa na alama za vidole, vinasaba na michirizi ya risasi, kisha anajiandikisha kriminolojia. Miaka mitatu baadaye anaomba kazi maabara na kukuta wanataka wakemia na wanabiolojia. Kriminolojia kwa ujumla ni sayansi ya jamii. Haikufundishi kupima sampuli ya damu.

Kuna sehemu chache ambako dunia hizi mbili zimeishi pamoja kwa dhati. Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, kina skuli ya sayansi za jinai ambayo asili yake ni taasisi iliyoanzishwa mwaka 1909 na Rodolphe Archibald Reiss, mkemia na bingwa wa upigaji picha. Mwaka mmoja baadaye, 1910, Edmond Locard alifungua maabara yake ya polisi huko Lyon. Huo ni utamaduni wa watu waliotoka kwenye kemia, tiba na fizikia.

Ukikuta shahada yenye jina la mseto, kriminolojia na sayansi ya uchunguzi, chukua kalamu uhesabu. Ni saa ngapi za maabara kwa wiki? Je, kemia ya mwaka wa pili ni ile ile wanayosoma wanafunzi wa kemia, au ni toleo lililopunguzwa makali? Nani anamiliki vifaa, chuo au maabara jirani inayotembelewa mara moja kwa muhula? Marekani kuna FEPAC, tume inayotoa ithibati kwa kozi za sayansi ya uchunguzi wa jinai, na orodha yake ni mahali pazuri pa kuanzia hata kwa anayetaka tu kuona mtaala wa kweli unafananaje. Kama hesabu haikuridhishi, soma shahada ya kemia au biolojia kamili, uongeze uchunguzi wa jinai ngazi ya uzamili. Njia hiyo ni ndefu kidogo lakini ndiyo maabara zinayoielewa.

Kipimo kimoja kinachotenganisha nafaka na makapi

Ukiniambia nilinganishe vyuo viwili kwa dakika kumi tu, sitaangalia nafasi zao kwenye orodha za ubora. Nitafungua mtaala wa mwaka wa pili nitafute mbinu za utafiti na takwimu. Ni masomo mangapi? Ni ya lazima au ya hiari? Yanafundishwa na nani, na kwa programu gani?

Sababu ni kwamba fani hii nzima imesimama juu ya namba zinazodanganya kirahisi. Rekodi za polisi huonyesha makosa yaliyoripotiwa na kuandikwa, basi. Makosa ya kubakwa au kupigwa nyumbani, udanganyifu mtandaoni, rushwa ndogondogo: mengi hayafiki kituoni. Ndiyo maana Marekani ilianzisha uchunguzi wa kitaifa wa waathirika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Uingereza ikaanza wa kwake mwaka 1982, watu wakiulizwa moja kwa moja ni nini kimewapata, wameripoti au hawakuripoti. Ukizisoma rekodi za polisi peke yake, unaweza kusema ukatili wa majumbani umeongezeka kumbe kilichoongezeka ni ujasiri wa kwenda kuripoti. Mhitimu asiyejua kutofautisha mambo hayo mawili atamshauri vibaya bosi wake wiki ya kwanza.

Na namba zikisomwa vizuri hubadilisha kazi. Lawrence Sherman na wenzake walipopanga simu zilizopigwa kwa polisi wa Minneapolis kufuatana na anwani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, walikuta takriban asilimia 3 ya anwani na makutano ya barabara ndiyo yalizalisha nusu ya simu zote. Kutokana na matokeo ya namna hiyo, fikra za kupeleka askari kwenye maeneo sugu kwa uhalifu badala ya kuwatawanya mjini kote zikapata nguvu. Kilichohitajika hapo hakikuwa kipaji cha upelelezi. Kilikuwa ni subira ya kupanga data na ujuzi wa kuihoji.

Chuo kizuri, basi, kina angalau somo moja la takwimu, moja la mahojiano na utafiti wa uwandani, na moja la maadili, yote yakiwa ya lazima. Wanafunzi wanashika programu za takwimu kama R au SPSS kwa mikono yao wenyewe, hawatazami mhadhiri akibofya. Ramani za uhalifu zikiwepo ni ziada nzuri. Mwisho kuna tasnifu inayotumia data halisi. Omba kuona vichwa vya tasnifu za mwaka uliopita. Kama zote ni za aina ya "umuhimu wa usalama katika jamii", funga kipeperushi uendelee na safari.

Najua wapo wanaokimbilia kriminolojia kwa kuwa wamechoka na hesabu. Kwao chuo kisicho na takwimu kitaonekana kivutio. Shahada watapata, lakini benki, kampuni za bima, mashirika ya misaada na vitengo vya uchambuzi vya polisi vitawaita wengine kwenye usaili.

Vitendo: kinachoahidiwa na kinachotolewa

Karibu kila chuo huandika kwamba kina mafunzo kwa vitendo. Tofauti iko kwenye nani anayatafuta. Chuo cha kwanza kina makubaliano yaliyotiwa saini na magereza, mahakama za watoto, au mashirika yanayowasaidia waathirika, na nafasi hugawiwa. Chuo cha pili humpa mwanafunzi barua ya utambulisho na kumtakia kila la heri. Taasisi za usalama hazifungulii geti mtu aliyebeba barua tu, na ukaguzi wa historia ya mwombaji unaweza kula miezi. Uliza majina ya taasisi, idadi ya wiki, na ni wanafunzi wangapi kati ya wote walipata nafasi mwaka jana.

Kuna kozi zinazoenda mbali zaidi. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia kilianzisha mpango uitwao Inside-Out, ambapo wanafunzi wa nje husoma darasa moja na watu walio kifungoni, ndani ya gereza, vitabu vile vile na kazi zile zile. Umeigwa na vyuo katika nchi mbalimbali. Sijui njia bora ya kumwondolea mwanafunzi picha ya mfungwa aliyoikuta kwenye filamu. Chuo chenye darasa la namna hiyo kipe uzito.

Jina kubwa, na gharama yake

Taasisi ya Kriminolojia ya Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 1959 chini ya Leon Radzinowicz, ni miongoni mwa majina mazito kabisa katika fani. Lakini kozi zake za kriminolojia ni za uzamili na uzamivu. Anayetafuta shahada ya kwanza hana la kufanya na sifa hiyo kwa sasa. Hata mahali ambapo shahada ya kwanza ipo, orodha za ubora kwa kiasi kikubwa hupima utafiti na machapisho. Nguli aliyeipandisha idara anaweza kuwa hafundishi mwaka wa kwanza kabisa. Tafuta ni nani anayesimama mbele ya darasa lako, na semina zina watu wangapi.

Katika sheria au udaktari, jina la chuo humfuata mtu maisha yote. Katika kriminolojia sioni uzito wa namna hiyo nje ya ajira za utafiti. Kwa hiyo kujitwika deni kubwa kwa ajili ya jina, huku chuo cha kawaida kikiwa na takwimu imara na vitendo vya kweli, ni jambo ambalo nisingelishauri.

Muda nao ni pesa. England shahada ya kwanza ni miaka mitatu, na unaingia fani moja kwa moja. Marekani na Scotland ni miaka minne, na mwaka wa kwanza mara nyingi huwa wa masomo mapana. Kwa aliyekwisha kujua anakokwenda, mwaka huo wa nne ni gharama mara mbili: ada inayolipwa na mshahara usiopatikana. Kwa anayeyumba kati ya saikolojia, sosholojia na kriminolojia, ni mwaka wa thamani, kwa kuwa anaweza kubadili bila kuanza upya.

Masomo ya mtandaoni yanamfaa askari magereza au ofisa wa polisi aliye kazini tayari, anayehitaji shahada ili apande cheo. Vitendo anavyo, mitandao ya watu anayo. Kijana aliyetoka sekondari atakosa vyote viwili. Na kwa yeyote, ithibati ithibitishwe kwa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi unayokusudia kufanyia kazi, si kwa nembo iliyobandikwa chini ya tovuti ya chuo.

Watu watatu, chaguzi tatu

Anayetaka kuwa mpelelezi kwanza ajue kwamba katika nchi nyingi wapelelezi huchaguliwa kutoka ndani ya jeshi la polisi, baada ya kuanzia chini. Shahada itamsaidia kuingia au kupanda, haitamrusha ngazi. Huyu chuo cha haki jinai chenye mafungamano na polisi kinamtosha, na asilipe ziada kwa ajili ya umaarufu.

Anayetaka kuchambua uhalifu wa fedha au wa mtandao achague idara ya sosholojia au chuo chochote chenye takwimu nzito, kisha aombe masomo ya hiari kutoka uhasibu na kompyuta. Kabla ya kulipa ada ahakikishe ratiba inaruhusu, maana vyuo vingi huruhusu kwenye karatasi huku vipindi vikigongana.

Anayetaka kufanya kazi na vijana wakosaji, wafungwa wanaorudi uraiani au waathirika, atazame saikolojia na ustawi wa jamii ndani ya mtaala, na wiki za vitendo kuliko kitu kingine chochote. Aulize pia kama kazi hiyo nchini kwake inahitaji leseni ya ustawi wa jamii, kwa sababu kriminolojia pekee inaweza isimpe.

Vikibaki vyuo viwili na huoni tofauti, omba kukaa kwenye mhadhara mmoja wa mwaka wa pili katika kila kimoja, ana kwa ana au kwa video, na uulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaomba kazi wapi. Vikilingana hata hapo, chukua chenye ada ndogo. Tofauti iweke akiba kwa ajili ya uzamili, maana nafasi nyingi za utafiti katika fani hii hutaka shahada ya pili.